Nimebadilisha pawa saplai, sasa kompyuta haiwaki diski zikiwa zimeunganishwa

Swali

Habari za wakati huu, wakuu. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme kwa sehemu zote za kompyuta) ya wati 450, na kwa kuwa nimepata kadi ya grafiki inayokula umeme mwingi zaidi, niliamua kuweka nyingine ya wati 750 kutoka kampuni tofauti. Zote mbili ni za aina ambayo nyaya zake huchomolewa. Nyaya za diski zilikuwa zimepitishwa nyuma ya ubao mama na kufungwa kwa vibanio, nami kwa uvivu sikutaka kuzifumua, hivyo niliziacha palepale na kuchomeka ncha zake kwenye pawa saplai mpya. Ziliingia bila kulazimishwa, na hata kishikizo cha pembeni kilishika vizuri.

Nilipobonyeza kitufe cha kuwasha, feni zilizunguka kwa muda usiofika sekunde moja zikasimama, kisha nikasikia harufu ya kitu kilichoungua. Nikichomoa nyaya za umeme za diski, kompyuta inawaka na kufika kwenye BIOS (programu ya mwanzo inayotambua vifaa kabla ya Windows) kama kawaida. Diski zenyewe ni mbili: diski ya sumaku ya inchi 3.5 yenye picha za familia ambazo, kwa aibu nakiri, sina nakala yake kwingine, na SSD (diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka) ya inchi 2.5 yenye Windows. Je, pawa saplai mpya ni mbovu niirudishe, au kosa ni langu?

Jibu la 1

Pole sana, ndugu. Pawa saplai yako huenda ni nzima kabisa. Tatizo ni nyaya za zamani, na tafadhali usijaribu kuwasha tena zikiwa zimeunganishwa na kifaa chochote.

Upande wa diski, plagi ya umeme ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski hizi) ina pini 15 na mpangilio wake ni uleule kila mahali: volti 3.3, volti 5, volti 12 na ardhi (njia ya umeme kurudi). Upande wa pawa saplai hakuna kanuni ya namna hiyo. Kila kampuni hupanga pini zake itakavyo, na hata kampuni moja huweza kubadilisha mpangilio kutoka toleo moja hadi jingine, ilhali umbo la plagi linabaki lilelile. Kwa hiyo waya uliokuwa ukipeleka volti 5 kwenye diski zako yaelekea umepeleka 12. Binafsi naona ni jambo la ajabu kwamba watengenezaji wameshindwa kukubaliana juu ya jambo dogo kama hili kwa miaka yote hii, lakini ndivyo lilivyo.

Ama kuhusu feni kuzunguka na kusimama, hiyo inaweza kuwa habari njema. Diski nyingi za inchi 3.5 zina diodi mbili za ulinzi karibu na plagi ya umeme, moja kwenye njia ya volti 5 na nyingine kwenye njia ya volti 12. Volti ikizidi mno, diodi huungua na kupiga shoti kwenda ardhini, na pawa saplai ikihisi shoti hiyo hujizima yenyewe. Mara nyingine diodi peke yake ndiyo iliyokufa, na kilicho nyuma yake kimesalimika.

Jibu la 2

Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia, ila naongeza tahadhari moja. Utakutana na watu watakaokushauri utafute diski nyingine ya aina hiyohiyo na kuhamisha bodi yake ya kijani. Kwa diski za kisasa njia hiyo peke yake haifanyi kazi, kwa sababu bodi huwa na chipu ndogo, mara nyingi yenye miguu minane, inayohifadhi vipimo vya diski ile moja tu. Bila kuihamisha chipu hiyo, bodi mpya haitaweza kuisoma diski yako. Kama picha hizo hazina nakala, mpe kazi hiyo fundi wa kurejesha data kabla hujagusa chochote kwa bisibisi.

Kwa SSD sina matumaini makubwa. SSD za inchi 2.5 kwa kawaida hutumia volti 5 pekee, na volti 12 zikipita njia hiyo zinaweza kufika moja kwa moja kwenye chipu kuu. Windows utaisakinisha upya.

Jibu la 3

Je, uliacha nyaya za diski pekee, au pia ule wa pini 24 wa ubao mama na ule wa prosesa?

Aliyeuliza

Ni za diski pekee, nashukuru. Nyingine zote zilitoka kwenye boksi jipya, na nyaya mpya za SATA nimezikuta zikiwa bado ndani ya mfuko wake.

Narudi na majibu. Rafiki yangu mwenye multimita (kipima volti) alipima waya wa zamani ukiwa kwenye pawa saplai mpya, bila diski yoyote, baada ya kuunganisha pini ya 16 ya plagi kubwa na ardhi ili pawa saplai iwake. Pale palipotakiwa kuwa na volti 5 tulikuta 12.1. Kwa nyaya mpya tulipata 5.0.

Fundi alikuta diodi ya volti 5 imepiga shoti, akaiondoa, na diski ikazunguka kwa nyaya mpya. Alinionya kwamba sasa haina ulinzi kwenye njia hiyo, kwa hiyo tulinakili picha zote papo hapo na diski hiyo nimeistaafisha. SSD haionekani hata kwenye BIOS. Nyaya za zamani nimezifunga pamoja na pawa saplai yake ya wati 450, na juu ya boksi nimeandika kwa kalamu nene kwamba zisitumike kwingine.

Jibu la 2

Afadhali. Nakala hiyo moja nayo itengenezee nyingine, kisha uiweke nje ya kompyuta hiyo.