Mdogo wangu aliondolewa kwenye mbio za baiskeli na ramani sababu nilimpa pampu. Sasa tumsaidie vipi?

Kaka_Busia:

Habari zenu nyote, naomba mnisomee hadi mwisho maana hili jambo limenikaa rohoni tangu jumapili. Nina mdogo wangu ana miaka 19, tunakaa Busia huku upande wa Uganda, na baiskeli kwetu si kitu cha juzi, mzee wetu alitulisha na baiskeli ya kubeba watu pale mpakani, enzi zile boda boda ilikuwa baiskeli yenyewe si pikipiki, kile kiti cha sponji nyuma na abiria na mzigo wake wote wanavushwa ng'ambo. Kijana amekulia juu ya pedali.

Mwaka jana akaingia hii orientiringi ya baiskeli za mlima. Kwa ambao hawaijui, unapewa ramani wakati wa kuanza tu, si kabla, na ramani ina viduara vyenye namba, kila kiduara ni kituo kina bendera ya rangi ya machungwa na nyeupe, unavipitia kwa mpangilio wa namba lakini njia ya kutoka hiki kwenda kile unachagua mwenyewe, mwenye muda mfupi ndo mshindi. Ameipenda mpaka usiku analala na ramani.

Sasa jumapili kulikuwa na mashindano madogo, vijana kama ishirini hivi, msitu wa kupandwa upande wa Mukono. Mimi nilisimama njia panda na jerikeni yangu ya maji. Namuona anatokea kwenye miti anasukuma, tairi ya nyuma imelala kabisa, na pampu yake ndogo inatoa hewa pembeni. Wajameni mimi ni kaka yake, ningesimama tu? Nikakimbia na pampu yangu kubwa, nikashika gurudumu, dakika tatu tumemaliza akaondoka. Akafika wa nne. Baadae mwandaaji akamuita kando akamwambia jina lako tumelitoa, umesaidiwa. Kijana hakubisha. Alikaa kwenye nyasi akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akazikunja akaweka mfukoni. Kwenye taksi hajaniongelesha mpaka tumepita Iganga, ndo akasema "kaka, ungeniacha, nilikuwa nakaribia."

Kwahiyo naulizia mambo mawili. Kwanza sheria inasemaje kweli? Pili, kama siruhusiwi kushika hata spoki, sisi wa nyumbani tunamsaidia vipi mchezaji wa namna hii? Nina laki sita niliyoweka pembeni, nilitaka kumnunulia gia mpya. Au nimekosea pa kuanzia?

Fundi_Spoki_Mbale:

Pole sana ndugu. Ulichofanya ni mapenzi lakini mwandaaji naye hakukosea.

Mimi ni fundi hapa Mbale, nakwambia kitu kimoja, usiguse hizo gia kwanza. Mlete kijana gereji yoyote akae siku mbili tatu afungue tairi yeye mwenyewe kwa mikono, atoe tyubu, apitishe kidole ndani ya tairi POLEPOLE atafute mwiba (wengi wanabadilisha tyubu mwiba ukiwa bado umo ndani, mita mia mbili pancha tena), arudishe, apige upepo. Mara ya kwanza itamchukua dakika kumi na tano. Arudie mpaka ifike nne. Alafu afanye hivyo akiwa amechoka, yaani apande kilima kwanza moyo unadunda ndo afungue tairi, maana mikono iliyochoka si mikono ile ile. Na kipande cha tairi kuukuu akate kama kiganja cha mtoto akiweke kwenye mkoba wa chini ya kiti, siku tairi yenyewe ikichanika anakiweka kwa ndani tyubu isitokeze. Hicho hakigharimu hata shilingi. Na hiyo pampu iliyovuja, mpira wake wa ndani umekauka tu, paka mafuta au badilisha.

Mbio_Lami:

Mimi naona mnamchelewesha kijana. Kama ana miguu mpeleke kwenye mbio za barabarani, huko ndo kuna macho ya watu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yamefanyika Kigali hapo jirani, mara ya kwanza Afrika, si mliona watu walivyojaa kwenye vilima vile? Hiyo ya kutafuta bendera porini nani atamuona?

Nyabo_wa_Pedali:

@Mbio_Lami Kigali ilinitoa machozi ya furaha hata mimi, lakini huyu kijana hajauliza mchezo wa kubadilisha, ameshachagua wake. Kuna mtu ana miguu na kuna mtu ana miguu na macho ya ramani, wa pili ni wachache zaidi.

@Kaka_Busia mimi ni mwendeshaji niko Jinja, na huu mchezo nimeufuatilia miaka mingi kwahiyo nitaandika kirefu, nisamehe.

Unasimamiwa na shirikisho la dunia la orientiringi, IOF, ambalo lipo tangu 1961. Ya baiskeli mashindano yake ya dunia ya kwanza yalikuwa 2002 Fontainebleau Ufaransa, na wanaong'ara ni wenye misitu na klabu, Finland, Ucheki, Sweden, Denmark na wengineo. Kuna mbio fupi ambayo mshindi anamaliza kwa dakika ishirini na kitu, kuna ya kati, kuna ndefu ambayo kwa wanaume inakaribia masaa mawili, na kuna ya kupokezana.

Sheria sasa. Msaada kutoka nje ni marufuku, bas. Kila kitu cha kutengenezea baiskeli anabeba mwenyewe. Na haruhusiwi kuachana na baiskeli, iwe anaendesha, anasukuma au ameibeba begani, ikiwa iko chini na yeye amepanda kilima kuchungulia bendera huyo ameshatoka. Helmeti ni lazima. Dira inaruhusiwa ila kifaa cha GPS kinachomuonyesha ramani hapana. Na porini kukatiza nje ya njia haruhusiwi mpaka waandaaji wa siku hiyo waseme, kwahiyo asome maelezo ya kila mashindano. Kitu kimoja tu kinageuza hayo yote, mtu akiumia. Ukikuta mwenzako ameanguka vibaya unasimama unamsaidia, hiyo si ruhusa, ni wajibu wako, hata kama ulikuwa unaongoza.

Na tafadhali usimpeleke kuchungulia msitu wiki moja kabla ukidhani unamsaidia. Eneo likishatangazwa linafungwa kwa wachezaji, akikutwa humo ni kosa.

Sasa pesa yako. Mimi kitu kilichonibadilisha si baiskeli, ni kibao cha ramani. Mikono yote iko kwenye usukani huwezi kushika karatasi kwa kidole gumba kama wale wa miguu, kwahiyo unahitaji kibao juu ya usukani kinachozunguka, ili kila unapopinda unazungusha ramani iangalie unakoenda. Usipozungusha, kulia inakuwa kushoto na akili inachoka kabla ya miguu. Vya dukani vinatoka nje na bei yake inauma. Changu cha kwanza nilikata mfuniko wa ndoo ya rangi, ile ndoo ya lita 20, nikatoboa katikati, bolti moja, washa mbili za mpira wa tyubu ili kizunguke lakini kisizunguke chenyewe kwenye mawe, juu yake plastiki ngumu ya kuzuia mvua na klipu nne za nguo. Nimekitumia misimu miwili. Klipu ziweke pembeni kabisa, mimi mara ya kwanza moja ilikaa juu ya kituo namba 7 nikakipita.

Kingine ni kusoma ubora wa njia. Kwenye ramani zetu mstari mzima maana yake njia ya kwenda kasi, ukikatika vipande virefu mwendo unapungua, vipande vifupi ni taratibu, na ile ya vitone vitone jiandae kusukuma. Vijana wengi wanaangalia umbali tu. Piga hesabu: kilomita 1 ya njia mbaya kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa ni dakika 10. Kilomita 2 za njia nzuri kwa mwendo wa 20 ni dakika 6. Amezunguka mara mbili ya umbali na bado amefika mbele. Sasa hesabu hiyo aifanye akiwa anateremka, vumbi machoni. Hapo ndo mchezo ulipo na hapo hakuna gia inayosaidia.

Afande_Mstaafu:

Nyabo ameongea vizuri sana. Mimi nilifundisha ramani jeshini miaka mingi, na kama wengi wetu kiswahili changu ni cha kambini, mnivumilie.

Kijana wa kutumia ramani hafundishwi siku ya mbio. Mwambie hivi: ramani za serikali tulizozoea ni 1:50,000, sentimita moja ni mita 500. Za kwao hao mara nyingi ni 1:10,000 au 1:15,000, sentimita moja ni mita 100 au 150. Mtu aliyezoea moja akipewa nyingine anapita kituo kwa kasi anadhani bado. Kwahiyo kabla ya pedali ya kwanza macho yaende kwenye skeli, alafu kaskazini, alafu kile kipembetatu cha mwanzo. Kila mara, hata kama anajua.

Na wewe kaka mtu ndo kazi yako iko hapa. Jioni kaa naye mezani na ramani ya zamani ya mbio alizomaliza. Muulize, hapa ulipita wapi, kwanini, uliona nini kulia kwako. Usimwambie alikosea wapi, muulize tu. Nimeona askari vijana wanapata akili ya ramani kwa kuulizwa, si kwa kufokewa. Alafu jumamosi asubuhi wewe nenda mbele yake ufunge vitambaa vyekundu kumi kwenye miti, uvichore kwenye ramani, umpe akatafute. Wewe ndo unaweka, yeye anatafuta. Huo msaada hakuna sheria inayoukataza, na hakuna mchezaji anayeweza kujifanyia peke yake, maana ukiweka mwenyewe unajua viko wapi.

Kaka_Busia:

Afande asante sana, hapo kwenye vitambaa umenigusa, sikuwahi kufikiria kwamba mtu anayekimbia na ramani anahitaji mtu mwingine aamke mapema kuliko yeye. Nyabo hiyo ya mfuniko wa ndoo nitaijaribu leo leo.

Sasa tatizo, ramani ya kuchora naitoa wapi? Busia hatuna msitu wenye ramani ya aina hiyo.

Njia_za_Mabira:

Unaitengeneza mwenyewe ssebo. Kuna programu ya bure inaitwa OpenOrienteering Mapper, inaingia kwenye kompyuta na kwenye simu ya Android pia, ndani yake kuna alama zote rasmi za ramani ya baiskeli. Unachukua msingi wa njia kutoka OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni, alafu unaingia shambani na simu unapita kila njia kwa baiskeli ukiiweka daraja lake, hii ya kasi, hii ya taratibu, hii ya kusukuma. Kazi ni ya siku nyingi sikudanganyi. Sisi eneo la kilomita mbili kwa mbili lilituchukua wikendi tano na mvua ikaturudisha mara mbili, maana murram ikilowa njia zote zinaonekana mbaya na ukizichora siku hiyo umedanganya, chora ya siku ya kawaida. Kupanga vituo kuna Purple Pen, nayo bure. Na kama kufunga vitambaa kunasumbua kuna programu ya simu inaitwa MapRun, simu inakaa mfukoni inalia yenyewe ukifika kituo, nzuri kwa mazoezi.

Usianze na pori kubwa. Anza na shule yenye uwanja mkubwa na vichochoro vya mtaa, omba ruhusa kwa mkuu wa shule. Printa ya rangi iwe nzuri, kwenye ramani njano, kijani na nyeupe kila moja ina maana yake, printa mbovu inaziharibu zote.

Na wikendi moja mje msitu wa Mabira, ni kilomita hamsini na kitu kutoka Kampala barabara ya Jinja, njia za baiskeli zipo na kiingilio mnalipa pale pale. Kabla ya kurudi mnapita Najjembe, soko la kando ya barabara, mnampa kijana kuku wa kuchoma na gonja (ndizi), huo nao ni msaada.

Mbio_Lami:

Sawa nimesoma yote, nakubali sikuujua huu mchezo. Nina helmeti ya pili nzima haijaanguka hata mara moja, saizi ya kati. Kama itamtosha nitaituma kwa taksi hadi Busia.

Fundi_Spoki_Mbale:

Huyo ndo mtu. Na mimi natuma tyubu mbili na solusheni, ila pancha azibe MWENYEWE.

Kaka_Busia:

Nashindwa hata niseme nini. Mbio_Lami itamtosha, asante kutoka moyoni.

Nimemuonyesha kijana huu mjadala wote jana usiku, amesoma kwenye simu yangu mpaka chaji ikaisha. Kisha akatoka nje bila kusema, nikasikia mlio wa tairi, kumbe amefungua gurudumu la nyuma kwenye giza na taa ya koroboi, anajipima muda. Dakika 11. Amesema kesho tena.

Laki sita tumegawa hivi, tyubu na pampu mpya, printa ya rangi tutalipia pale mjini kwa karatasi, na nauli ya mara mbili kwenda Mabira, zinazobaki tunazitunza kwa kiingilio cha mashindano. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri naenda kufunga vitambaa kwenye shule moja hapa, mkuu amekubali ila amesema saa tatu wanafunzi wa mazoezi wanaingia. Afande, vitambaa kumi nivifunge urefu gani kutoka chini, vya magotini au vya kifuani?

Afande_Mstaafu:

Magotini. Asivione mpaka awe amefika kweli. Na uandike namba kwa nyuma.