Amlodipini au diltiazemu kwa mwenye presha na kifua kinachobana?

MwanaWaPili
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mama ana presha, na kifua humbana akipanda ngazi. Anameza amlodipini miligramu 10. Presha imetulia, ila miguu imevimba hadi viatu haviingii. Daktari anafikiria kumhamishia diltiazemu. Nimesoma kwamba zote ni dawa za kuziba njia za kalsiamu. Kama ukoo ni mmoja, kuhama kunasaidia nini? Na je, aache maziwa?

Mfamasia_Mkongwe
Marahaba. Maziwa anywe tu, kalsiamu ya mifupa haiguswi hapa. Seli za misuli zina vilango vidogo ambavyo kalsiamu hupitia kuingia ndani. Ikiingia, msuli hujikaza. Ikizuiwa, msuli hulegea. Aliyelifumbua jambo hili ni Mjerumani Albrecht Fleckenstein, miaka ya 1960: aliona verapamili, dawa nyingine ya ukoo huu, inaufanya msuli wa moyo ulegee kana kwamba umenyimwa kalsiamu, na ukiongezewa kalsiamu nguvu inarudi.

Vilango hivyo vipo kwenye kuta za ateri na vipo kwenye moyo wenyewe, na hapo ndipo ndugu hawa wanapoachana. Amlodipini, nifedipini na felodipini huelemea ateri: zinatanuka, presha inashuka, moyo unapata nafuu ya kusukuma. Verapamili huelemea moyo. Vile vituo viwili vinavyoanzisha na kupitisha umeme wa moyo huendeshwa kwa kalsiamu, kwa hiyo verapamili hupunguza kasi ya mapigo. Diltiazemu iko katikati. Ukoo mmoja, ndiyo, lakini usimbadilishe mmoja kwa mwingine ukidhani ni kitu kilekile.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Kuhusu miguu. Amlodipini hufungua mishipa midogo inayoleta damu, lakini vena zinazoirudisha hazifunguki kwa kiasi hicho. Msukumo unapanda katikati, maji yanachuja kuingia kwenye nyama za miguu. Mwili haujajaa maji, ndiyo maana vidonge vya kukojosha havisaidii sana uvimbe wa aina hii. Kinachosaidia mara nyingi ni kushusha dozi, kwa sababu kadiri dozi inavyopanda ndivyo uvimbe unavyozidi, au kuongeza dawa kama losartani au lisinoprili, ambazo hulegeza vena pia. Ningeuliza hilo kabla ya kuhama kabisa.

Ila tafadhali mwangalie mama vizuri. Kama anakosa pumzi akilala chali, au uzito unapanda ghafla, huo si uvimbe wa amlodipini tu. Aonwe haraka.

Kidonge_Kimoja
Nifedipini je? Zamani mzee wetu alikuwa anatafuna kile cha maji, presha inashuka dakika hiyohiyo.

Mfamasia_Mkongwe
Hiyo iachwe. Presha ikiporomoka ghafla, moyo hukimbia kufidia, na damu inayofika kwenye ubongo na kwenye moyo wenyewe inaweza kupungua hadi kuleta madhara makubwa. Nifedipini inayotumika kwa presha ya kila siku ni ile inayoachia polepole, na hiyo humezwa nzima.

Mapigo38
MwanaWaPili, naandika kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa natumia verapamili kwa ajili ya moyo kwenda mbio. Ilinisaidia kweli, ukiacha choo kufunga siku nne nzima. Baadaye nikaenda sehemu nyingine kwa maumivu ya kichwa, nikaandikiwa atenololi, ambayo nayo hupunguza kasi ya mapigo, hakuna aliyeniuliza natumia nini. Siku ya tatu nikaanguka bafuni. Mapigo yalikuwa 38 kwa dakika. Mama anatumia dawa gani nyingine?

MwanaWaPili
Pole sana, ndugu yangu. Nimeangalia mfuko wake sasa hivi: bisoprololi kila asubuhi na simvastatini 40, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, usiku.

Mfamasia_Mkongwe
Umeuliza swali la maana kuliko yetu yote, Mapigo38. Bisoprololi ni jamii moja na atenololi. Diltiazemu juu yake ina maana breki mbili kwenye moyo uleule. Wapo wanaopewa, lakini kwa uangalizi wa karibu na kipimo cha umeme wa moyo. Amlodipini na bisoprololi, kinyume chake, hupatana vizuri kwa kifua kinachobana: moja inafungua ateri, nyingine inazuia moyo usikimbie.

Muulize daktari pia nguvu ya moyo ikoje. Moyo ukiwa dhaifu katika kusukuma, verapamili na diltiazemu huepukwa, wakati amlodipini haijaonekana kuongeza vifo kwa wagonjwa hao.

Na hiyo simvastatini 40 ni nyingi: kwa anayemeza amlodipini kikomo kinachopendekezwa ni miligramu 20, kwa diltiazemu ni 10, la sivyo misuli inaweza kuumia. Asiache chochote ghafla, hasa bisoprololi. Beba mfuko wote uende nao.

MwanaWaPili
Nimerudi baada ya wiki tatu. Daktari hakujua kuhusu bisoprololi, iliandikwa kwingine. Diltiazemu haikuanzishwa. Amlodipini imeshuka hadi 5, ameongezewa losartani, na dawa ya mafuta imebadilishwa. Presha jana ilikuwa 132 kwa 80. Viatu vinaingia asubuhi. Cha kushoto bado kinabana kidogo ikifika jioni.