Miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi: tuongeze iwe 70?

Sekei_Juu: Sheria yetu ya Tanzania, ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kifo, mpaka 31 Desemba ya mwaka wa mwisho. Ulaya ni 70. Nasema nasi tupande. Mjukuu wa mtunzi wa Moshi ana kosa gani hata apate pungufu ya mjukuu wa mtunzi wa London? Kazi ikishakuwa mali ya umma, yaani kila mtu anaweza kuichapa bila ruhusa, anayeneemeka ni mwenye steshenari tu.

MchapaKaloleni: Mwenye steshenari? Ndugu, piga hesabu kwanza. Kitabu cha kurasa 96 za A5 ni karatasi 24 za A4. Nakala 100 ni karatasi 2,400, yaani karibu rimu 5, na ya 6 lazima ununue, maana mvua za masika karatasi inavuta unyevu, inajikunja na kukwama kwenye mashine. Ukizikunja zote 24 pamoja, za katikati zinachomoza nje. Ukipiga kisu bila kuacha pambizo pana, unakata maneno. Bado wino na stepla ndefu. Neema iko wapi hapo?

Sekei_Juu: Sijamtukana mtu, mkuu.

MchapaKaloleni: Umetukana kazi yetu nzima.

MwlMajengo: Jamani, swali ni miaka. Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa sheria yetu kazi zake ziko huru tangu 1 Januari 2013. Kwa 70 tungengoja mpaka 2033. Tena kinachoua vitabu ni saini za ruhusa kuliko pesa. Msimamizi wa mirathi akifariki, mahakama iteue mwingine. Warithi wametawanyika, mmoja hapatikani, mwingine anakataa. Mchapishaji anaachana nacho. Ongeza miaka 20 uone warithi wanavyozidi kuongezeka.

BintiRau: Mbona Marekani wanalinda 95 baada ya kifo na vitabu vimejaa?

MwlMajengo: Hapana dada. Hiyo 95 ni tangu kuchapishwa, kwa kazi za zamani. Mwaka 1998 waliongeza 20, na kazi za 1923 zilizokuwa karibu kufunguliwa zikafungiwa mpaka 1 Januari 2019. Watunzi wake wengi walikwisha kufa. Nyongeza hiyo haikuwaandikisha hata mstari mmoja.

MchapaKaloleni: Basi Shakespeare ni wetu sote. Naweza kuchapa Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere.

Sekei_Juu: Huwezi! Shakespeare yuko huru, tafsiri haiko huru. Mfasiri ana haki yake, na Mwalimu alifariki 1999, kwa hiyo ni mpaka mwisho wa 2049. Hivyo hivyo utangulizi, maelezo na michoro iliyoongezwa baadaye. Kabla ya kuskani kitabu, fungua kurasa za mwanzo, andika kila jina unalolikuta, kisha tafuta mwaka wa kifo cha kila mmoja. Waandishi wawili? Unahesabu tangu kifo cha wa mwisho.

MchapaKaloleni: Hapo nimekuelewa. Ungeanza na hilo badala ya steshenari.

Kiboriloni1: Na ngoma za Wachaga na Wamasai? Mtu anarekodi wazee kijijini, anaweka kinanda, anauza, wazee hawapati hata asante. Mnahesabu miaka ya nani hapo?

BintiRau: Zile ni za kale, hazina mwenyewe.

Kiboriloni1: Zina wenyewe! Wanaoziimba wapo hai. Usiseme hivyo mbele ya wazee wa Marangu.

Sekei_Juu: Sheria hiyohiyo ina sehemu ya sanaa za jadi, na hazihesabiwi miaka. Ukizitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya jadi, unaomba kibali BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

Kiboriloni1: Kibali kinatolewa na BASATA, mzee wa Marangu anapata nini?

MwlMajengo: Angalau taja chanzo: kabila, kijiji, jina la kikundi, kwenye jalada na kwenye maelezo ya wimbo.

Kiboriloni1: Jina la kikundi halilipi ada ya mtoto, mwalimu. Nauliza pesa.