Mrejesho: Paneli za sola za kusimika ardhini, shambani Kongwa
Mwezi uliopita niliuliza kama paneli zangu nne nizifunge juu ya bati la banda la mbuzi au nizisimike ardhini. Nimefuata ushauri wa wengi: tulichimba mashimo ya sentimita 60, tukamwaga zege kuzunguka nguzo za chuma, kisha tukazielekeza paneli kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 12, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta na paneli iliyolala kabisa hutuamisha vumbi ambalo mvua ingeliosha. Kosa langu lilikuwa kimo. Ukingo wa chini uko sentimita 50 tu, na siku ya tatu nilimkuta beberu amesimama juu ya kioo, kwato zikiteleza. Hakikupasuka, namshukuru Mungu. Nimekwisha kuzungushia seng'enge.