Nimezoea kupaza sauti za setibuku, sasa mwelekezi anataka uhalisia. Nianzie wapi?

Msee_wa_Spea

Habari za jioni wanajukwaa. Mchana nauza spea za magari Kirinyaga Road, jioni ni mwigizaji. Miaka minne nimezunguka na kikundi kinachoigizia wanafunzi tamthilia za setibuku, vile vitabu vya fasihi vya mtihani. Ukumbi ni bwalo la chakula, wanafunzi mia saba, maikrofoni hakuna, mvua inapiga mabati, na onyesho la pili linatungoja Thika saa nane. Usipopaza sauti na kurusha mikono, umekwisha.

Sasa nimepata nafasi katika mchezo wa watu watatu, ukumbi wa viti kama sitini. Ni familia ya Kayole inayogombania shamba la marehemu, mimi ndiye kaka mkubwa. Mwelekezi, kijana mdogo, kila mara ananisimamisha: "Unaigiza. Acha kuigiza." Jamani, si ndiyo kazi niliyoitiwa? Nikiuliza nifanye nini, jibu ni "ihisi tu".

Nikanunua kitabu cha Stanislavski, yule mwelekezi Mrusi aliyefundisha uigizaji, cha mitumba, kimechanika jalada. Nikafika pale anapoeleza kumbukumbu ya hisia. Juzi mazoezini nikamkumbuka baba siku tuliyomzika. Machozi yalikuja kweli, lakini maneno yakaniruka, na dada ninayeigiza naye akabaki ananitazama kama abiria aliyepitishwa steji. Mwelekezi akasema "vizuri!" Mimi najua haikuwa vizuri.

Zimebaki wiki tatu. Pesa ya chuo sina. Mliopitia haya, nisaidieni.

Mama_Pazia

Mwanangu, pole, na hongera kwa kujua mwenyewe kwamba haikuwa vizuri. Wapo wenye miaka ishirini jukwaani ambao hilo hawajalijua.

Kitabu hicho si kibaya, ila umeshika nusu. Stanislavski alianzisha ukumbi wao wa Moscow na mwenzake Nemirovich-Danchenko mwaka 1898, akafariki 1938, na muda wote huo alikuwa akibadilisha mawazo. Kitabu chake cha kwanza cha mafunzo kilitoka kwa Kiingereza 1936. Cha pili, kinachoingia kwenye sauti na mwili, kikatoka 1949. Miaka kumi na mitatu watu wanasoma kipande! Waamerika wakagombana. Mwigizaji wao Stella Adler alimfuata mzee Paris mwaka 1934, akafanya naye kazi majuma kadhaa, akarudi New York kuwaambia wenzake, mwelekezi Lee Strasberg akiwemo, kwamba siku hizi mzee anasisitiza vitendo na hali aliyomo mhusika, si kufukua makaburi ya moyoni. Strasberg hakukubali. Ugomvi huo haujaisha, nawe umeangukia katikati yake.

Mimi niko upande wa Adler. Baba yako mwache apumzike. Ulipomkumbuka ulitoka chumbani, ukamwacha dada yako na maneno yake mkononi.

Chukua penseli. Kila tukio jiulize: nataka nini kutoka kwa huyu aliye mbele yangu, sasa hivi? Jibu liwe kitu unachoweza kumtendea mtu. "Nina huzuni" hakitendeki. Kumbembeleza, kumtisha, kumwaibisha mbele ya mama, kumhonga: hivyo vinatendeka. Na kazi hii wewe unaijua kuliko sisi. Mteja akija kutaka breki kwa bei ya kutupa, hukai ukijiuliza unahisi nini. Unamsoma uso. Ukiona ameanza kuondoka unabadilisha: mara unamwita bosi, mara unacheka naye, mara unamwonyesha feki ili aogope. Hicho ndicho mwelekezi wako anakitafuta, basi tu hajakipatia jina. Mwambie kwa heshima kwamba "ihisi" si maelekezo. "Hati ya shamba iko kwenye mkoba wa dada yako na gari lake linaondoka saa moja", hayo ndiyo maelekezo.

Mikono inayorushwa ni mikono isiyo na kazi. Niliwahi kuwa na mwigizaji wa namna yako, nikampa ungo wa maharagwe achambue, vijiwe vikiwemo, na sharti ungo uishe kabla ya tukio kuisha. Kulikuwa na mahali anamwambia mumewe kwamba amejua habari za yule mwanamke wa Rongai. Siku zote hapo alikuwa anapiga mayowe. Jioni hiyo alilisema huku anatupa kijiwe kwenye bakuli la bati. Ting! Hata kijana wa mapazia alisahau kazi yake.

Sauti usiipunguze. Aliyekaa kiti cha nyuma amelipa nauli na tikiti. Pumzi ile ya bwalo itunze. Cha kuacha ni kuhubiria umati wakati anayesemeshwa ni mtu mmoja.

Fundi_Taa

Naheshimu aliyosema mama, ila niulize: uhalisia wa nani? Vijana siku hizi wakisikia uhalisia wananong'ona kama wako kwenye filamu. Mimi niko juu kwenye taa na siwasikii. Matangani kwetu watu hulia kwa sauti, hurusha mikono, huzirai, na ni kweli tupu. Mazoezi ya mchezo wa akina Ngũgĩ wa Thiong'o kijijini Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977 yalifanywa hadharani, na wanakijiji wakawasahihisha waigizaji. Nenda ukakae nje ya mahakama yoyote siku ya kesi ya ardhi. Utawaona kaka wakubwa wengi.

Msee_wa_Spea

Asanteni sana. Mama, nilimwomba mwelekezi tujaribu maharagwe. Alikunja uso, kisha akakubali, tukampa dada yangu ungo. Mimi nikaandika "kumhonga" pembeni mwa ukurasa ambao nilikuwa nauigiza kwa hasira. Sikuinua mkono hata mmoja, maana nilikuwa nainama kumsogelea sikio. Yeye akaendelea kuchambua bila kunitazama, na hapo nikakasirika kweli, bila kumtafuta baba popote.

Tatizo ni moja. Maharagwe ameyamaliza yote, yako safi. Kila jioni ninunue kilo nyingine?

Mama_Pazia

Yarudishie vijiwe, mwanangu.