Kipanga anamaliza njiwa wangu hapa Njiro, nifanyeje?

MfugaNjiwa: Wakuu, naombeni ushauri wa haraka. Nafuga njiwa nyuma ya nyumba, Arusha. Tangu mvua zikatike kuna ndege mweusi mgongoni, mweupe tumboni, miguu ya njano. Anachomoka mitini kama jiwe la manati, yanabaki manyoya tu kwenye majani. Hata hua na chiriku hawaji tena bustanini. Jana usiku kabeba wawili. Nimfukuzeje asirudi kabisa?

MamaKilimo: Pole baba. Mimi mwewe alinimalizia vifaranga wa kienyeji. Nikatundika CD za zamani kwenye kamba, zikawa zinamulika. Alikaa mbali kwa muda, kisha akazoea. Nilichoka nikahamia bata.

KijanaTabata: Supu ya njiwa tamu, na yeye kashajua. Mgawane 😂

MzeeWaMiti: Huyo si mwewe. Mwewe ana mkia wenye panda, huokota vifaranga na mizoga. Wako ni kipanga mweusi, na chakula chake hasa ni njiwa na hua. Hupenda kujenga kwenye mikaratusi. Unao karibu?

MfugaNjiwa: Mkaratusi upo.

MzeeWaMiti: Kiota je?

MfugaNjiwa: Sawa, kipo, na makinda mawili yanachungulia. Fundi wa chenso anakuja Jumamosi, nimeshampa kianzio. Msinihukumu. Mti ni wangu, uko ndani ya uzio, na mikaratusi inanyonya maji. Mbegu ya njiwa hawa aliniachia marehemu baba.

DadaImani: Kwa hiyo watoto wa mwenzio wadondoke na mti? Mungu anakuona.

Wakili_wa_Mtaa: Ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Pita ofisi ya wanyamapori kabla chenso haijawashwa.

Shaka: Wakuu, hii chai. "Jana usiku kabeba wawili." Kipanga anawinda mchana, usiku amelala. Jamaa katunga.

KijanaTabata: Duh. Picha, mkuu?

MfugaNjiwa: Nitunge ili iweje? Nilifunga banda magharibi wakiwa wazima, alfajiri wawili hawapo!

MzeeWaMiti: Shaka ana hoja, ila tusimwite mtu mwongo. Mfugaji, okota manyoya uyatazame kwenye shina. Kipanga huyanyofoa mazima. Paka au kanu huyakata kwa meno, shina linakuwa limetafunwa.

MfugaNjiwa: Ninayo mkononi. Ya wiki iliyopita, yale ya kwenye majani, ni mazima. Ya jana yamekatwa. Na wavu umechanika chini, nyuma ya banda.

MzeeWaMiti: Basi una wezi wawili, na huyo wa usiku hata ukikata msitu wote atarudi. Shona wavu leo kabla ya giza. Makinda hukaa kiotani wiki sita hivi, na yakishajua kuruka bado hulishwa kwa muda. Dume na jike wanawinda sana sasa kwa sababu wana midomo ya kulisha. Kwa kipindi hicho njiwa usiwaachie, wajengee uwanja wenye wavu juu.

Shaka: Nafuta neno chai. Pole mkuu.

MfugaNjiwa: Asanteni. Lakini kianzio cha fundi hakirudi.

MamaKilimo: Mwambie aje akupasulie mbao za huo uwanja.

MfugaNjiwa: Jumamosi atakuja. Kuhusu mti sijasema ndiyo wala hapana, ngoja kwanza nishone wavu.