Naomba ushauri: hatujafunga ndoa, tuna watoto wawili, tujazeje kodi Marekani?

Habari zenu wakuu. Mimi na mzazi mwenzangu tunaishi Houston, Texas, na watoto wetu wawili, wote wana namba za Social Security (hifadhi ya jamii). Ndoa bado, mahari inazungumzwa nyumbani. Pango na zaidi ya nusu ya matumizi ya nyumba nalipa mimi. Yeye anafanya kazi nusu siku.

Ninavyoelewa, bila ndoa hatuwezi kujaza fomu ya pamoja, na mtoto mmoja hadaiwi (yaani haandikwi kama tegemezi kwenye fomu ya kodi) na wazazi wote wawili. Nikijaza kama mkuu wa kaya, punguzo la kawaida (sehemu ya kipato isiyotozwa kodi) kwa mwaka 2025 ni dola 23,625 badala ya 15,750 za mseja. Nafuu ya mtoto, inayopunguza kodi yenyewe, ni hadi dola 2,200 kwa kila mmoja. Ila mwenzangu akidai mmoja, huenda akapata ile nafuu ya wenye kipato kidogo, ambayo mimi kwa mshahara wangu siipati. Tugawane watoto, au niwadai wote mimi?

Linaloninyima usingizi hasa ni hili: Texas inatambua ndoa isiyo na cheti, mkiwa mmekubaliana kuwa wanandoa, mnaishi pamoja na mnajitambulisha hivyo kwa watu. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, nayo huihesabu. Sisi kanisani tunaitwa baba na mama fulani, mume na mke, na tunaitika. Je, kuitika huko kunatosha kutufanya wanandoa mbele ya sheria? Aliyepitia hili Texas, au anayemjua mtaalamu wa kodi mwaminifu, tafadhali anielekeze kabla ya Aprili 15.